Fuata Kitanda Kimoja: Kazi ya Msimamizi wa Hospitali Anayefundisha

Saa 3 asubuhi daktari anasimama miguuni pa kitanda na kumwambia mgonjwa, "Leo unarudi nyumbani." Kwa mgonjwa na ndugu zake mambo yamekwisha. Kwa msimamizi wa hospitali ndiyo kwanza yanaanza, maana kitanda hicho kisipofuatiliwa hakitapata mgonjwa mwingine mpaka saa 12 jioni.

Saa 9 hizo zimepotelea wapi? Daktari hakuandika karatasi ya ruhusa palepale. Aliendelea na mzunguko wake mpaka kitanda cha mwisho, ndipo akakaa saa 6 mchana kuziandika zote kwa pamoja. Famasia ikazipokea kwa mkupuo, wakati nusu ya watu wake wamekwenda kula. Dawa zikatoka saa 8. Uhasibu ulipotaka kufunga hesabu saa 9, ikaonekana kipimo kimoja cha maabara hakikuingizwa kwenye bili, faili likarudi wodini. Ndugu wa kumchukua mgonjwa hakuwa ameambiwa aje saa ngapi. Kitanda kikaachwa saa 11, kikafutwa kwa dawa, godoro likageuzwa, kisha kikasubiri shuka kutoka kufulia. Muda wote huo kuna watu waliofika mapokezi tangu saa 4 asubuhi na sasa wamelala kwenye machela ukumbini.

Ukiwahoji wote waliohusika, hutapata mzembe hata mmoja. Kila mtu alifanya kazi yake ndani ya saa zake. Muda umeliwa katikati, pale kazi inapotoka mkono huu kwenda mkono ule, na pale katikati hapana mwenyewe. Msimamizi ndiye mwenyewe wa pale katikati. Akishakuwa mwalimu wa wasimamizi wenzake, kitu cha kwanza cha kuwafundisha ni kufuata kitanda kimoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo.

Wachache sana hupanga tangu utotoni kuwa wasimamizi wa hospitali. Wengi huingia kwa mlango wa pembeni: muuguzi aliyepandishwa cheo, daktari aliyechoka na zamu, mhasibu, mfamasia, mara nyingine mtu wa kumbukumbu. Kila mlango una upofu wake. Aliyetoka uuguzini anaijua wodi kwa macho yaliyofumbwa, lakini bajeti humfanya atoke jasho. Aliyetoka uhasibuni anaona bili na haioni foleni. Daktari amezoea kumfikiria mgonjwa aliye mbele yake, si yule ambaye bado hajaonwa. Dawa ya upofu huu ni kukaa miezi kadhaa katika idara ambayo mtu hakutokea, na kama ningepewa kuchagua moja tu kwa mwanafunzi yeyote, ningempeleka ofisi ya kumbukumbu. Kule ndiko faili linakopotea, ndiko jina moja linakoandikwa kwa namna tatu, na ndiko takwimu zote za hospitali zinakozaliwa, zikiwa na afya au zikiwa kilema.

Hesabu za vitanda

Takwimu nne humtosha mtu kuijua wodi, na zote hutoka kwenye namba tatu: vitanda vilivyopo, siku za kitanda zilizotumika (kitanda kimoja kwa siku moja ni siku moja ya kitanda), na wagonjwa waliotoka (wakiwemo waliofariki). Chukua wodi ya vitanda 40 kwa mwezi wa siku 30. Siku za kitanda zilizopo ni 1,200. Ikiwa zilizotumika ni 1,080, matumizi ni asilimia 90. Ikiwa waliotoka ni 240, wastani wa kulazwa ni siku 4.5. Kila kitanda kimepokea watu 6. Siku 120 zilizobaki ukizigawa kwa 240 unapata nusu siku, yaani kitanda hukaa kitupu saa 12 kati ya mgonjwa mmoja na mwingine.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo yenye habari. Hospitali ikilalamika kuwa imejaa huku kila kitanda kinakaa kitupu saa 12, tatizo liko kwenye kile kisa cha asubuhi: karatasi, bili, shuka. Ikishuka mpaka saa 2 au 3, wodi kweli imebanwa, na kuna hatari godoro halisafishwi ipasavyo. Ikiwa chini ya sifuri, basi watu wawili wanalala kitanda kimoja au mtu anahesabu vibaya.

Punguza wastani wa kulazwa kutoka siku 4.5 hadi 4 kwa wagonjwa walewale 240. Siku zilizotumika zitakuwa 960. Umepata siku 120 za kitanda, zinazotosha wagonjwa 30 zaidi kwa mwezi, bila tofali hata moja. Ndiyo maana mwanafunzi anayeanza ripoti yake kwa kuomba jengo jipya hurudishiwa ripoti hiyo.

Wengi hutaja asilimia 85 kama kiwango cha matumizi ambacho hospitali inayopokea dharura isikizidi sana. Sababu yake ni rahisi: wagonjwa hawaji kwa mpangilio. Leo 5, kesho 13. Wodi iliyojaa asilimia 97 kwa wastani haina pa kuwaweka wale 13, hata kama hesabu ya mwezi inaonyesha nafasi. Wodi ndogo huumia zaidi. Vitanda 8 vya watoto vilivyotengwa peke yake hujaa na kufurika mapema kuliko vitanda 40 vilivyo pamoja, kwa kuwa havina pa kusaidiana. Lakini kiwango hicho kisigeuzwe msahafu. Wodi ya upasuaji wa kupangwa, inayojua Jumatatu nani atalazwa Alhamisi, inaweza kwenda juu zaidi bila shida.

Kuna mtego mmoja zaidi. Hospitali nyingi huhesabu wagonjwa usiku wa manane. Aliyelazwa asubuhi akatoka jioni haonekani, na msongamano wa saa 5 asubuhi, wakati wanaotoka bado hawajatoka na wanaoingia wameshafika, hauonekani kabisa. Hesabu mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Picha itakuwa nyingine.

Zamu

Swali la mtihani ambalo wengi huliangusha: nafasi moja ya muuguzi inayotakiwa kuwa na mtu saa 24 kila siku, inahitaji kuajiri watu wangapi? Wengi hujibu watatu, kwa sababu kuna zamu tatu. Wiki ina saa 168. Mtu anafanya kazi saa 40. Tayari ni 4.2. Sasa toa likizo, ugonjwa, uzazi, misiba na mafunzo. Tuseme wiki 7 kwa mwaka. Mwaka wa wiki 52 una saa 8,736 za kujaza, mtu mmoja anatoa 1,800. Jibu ni 4.85, yaani watu 5. Msimamizi aliyepanga watu 4 hajabana matumizi. Ameahirisha malipo, yatakuja kama saa za ziada, kama mtu aliyefanya zamu mbili mfululizo akakosea dozi, kama barua za kuacha kazi.

Ratiba yenyewe itoke mapema, angalau wiki 4 kabla, na ibandikwe mahali pa wazi. Kinachoichafua ni kubadilishana zamu kwa maneno ya mdomo. Ruhusu kubadilishana, lakini kwa maandishi na saini tatu: anayetoka, anayeingia, na kiongozi wa wodi. Halafu angalia ni nani kila mwezi anaangukiwa na usiku wa Jumamosi. Wafanyakazi husamehe mshahara mdogo kwa urahisi kuliko wanavyosamehe upendeleo kwenye ratiba.

Makabidhiano ya zamu yafanyike kando ya kitanda na siyo kwenye meza ya wauguzi. Mezani husomwa faili. Kitandani huonekana dripu iliyosimama, mkojo usioingia mfukoni, na mgonjwa anayesema, "Ile dawa ya saa 4 sikupewa."

Stoo na mambo yasiyosubiri

Dawa ikiisha, kila mtu hulaumu msambazaji. Mara nyingi kosa liko kwenye kugawanya. Hospitali ilitumia chupa 2,400 kwa miezi 6, mtunza stoo akagawa kwa 6 akaagiza 400 kwa mwezi. Lakini miezi miwili kati ya hiyo dawa haikuwepo kabisa. Watu walihitaji; hawakupata. Gawa kwa miezi 4 iliyokuwa na dawa: 600. Anayeagiza kwa 400 anaiweka hospitali kwenye upungufu wa kudumu, kisha upungufu huo unamthibitishia kwamba matumizi ni madogo. Ni duara baya kweli, na hukaa miaka bila kugunduliwa kwa sababu karatasi zinaonekana safi.

Kiwango cha kuagiza upya ni matumizi ya wiki mara wiki za kusubiri mzigo, ukiongeza akiba. Chupa 150 kwa wiki, mzigo huchukua wiki 3, akiba ya wiki 2: agiza zinapofika 750. Rafuni kinachoisha muda mapema kikae mbele, hata kama kiliingia jana. Na kadi ya stoo iandikwe wakati dawa inatoka, siyo jioni kwa kukumbuka.

Oksijeni ihesabiwe kwa dakika. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa mgonjwa mmoja anayetumia lita 5 kwa dakika huisha baada ya saa 22 na dakika 40. Hautoshi hata siku. Wagonjwa 6 wa namna hiyo wanahitaji lita 43,200 kwa siku. Kama gari la mitungi huja kila baada ya siku 4, unahitaji mitungi 26, na hapo hujahesabu inayovuja wala ile inayobadilishwa ikiwa bado na kidogo ndani, maana hakuna muuguzi mwenye akili anayesubiri mshale ufike sifuri. Spana ya kufungulia ifungwe kwa mnyororo ukutani, kwa sababu ndicho kitu kinachopotea usiku. Mafuta au grisi visiguse kabisa valvu wala kichwa cha mtungi. Vikikutana na oksijeni yenye mgandamizo vinaweza kuwaka bila hata cheche.

Jenereta inayowashwa kila wiki dakika 5 bila mzigo haijajaribiwa. Injini ya dizeli ikizoea kukimbia bila mzigo haipati joto la kutosha, mafuta yasiyoungua huziba njia ya moshi, na siku ya siku inashindwa kubeba thieta, yaani chumba cha upasuaji. Mara moja kwa mwezi iwashwe nusu saa ikiwa imebeba mzigo halisi, angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Na kinachoifanya isiwake kabisa mara nyingi si injini, ni betri. Betri ipimwe kwenye jaribio hilohilo, na tarehe ya kuinunua iandikwe juu yake kwa rangi.

Friji la chanjo husomwa mara mbili kwa siku, nyuzi 2 hadi 8. Watu huogopa joto na kusahau kwamba baadhi ya chanjo, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, huharibiwa na kuganda. Ukiona grafu ya mwezi mzima yenye nyuzi 5 asubuhi na 5 jioni, kila siku bila kupanda wala kushuka, hakuna aliyesoma. Mtu ameijaza akiwa amekaa.

Madaktari

Msimamizi ana ufunguo wa majengo, fedha na ratiba, lakini kalamu inayolaza na kuruhusu iko kwa daktari. Akijaribu kumwamuru atashindwa, akimwogopa atashindwa zaidi. Kinachofanya kazi ni kumpelekea takwimu zake mwenyewe, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa, kabla hazijaonekana kikaoni. Na aombwe kitu kimoja kidogo. Kwa lile tatizo la asubuhi, ombi ni mpangilio wa mzunguko: kwanza wagonjwa mahututi, pili wanaotarajiwa kutoka, kisha wengine, na kila karatasi ya ruhusa iandikwe palepale kitandani. Daktari hapotezi hata dakika. Kwa famasia, karatasi zinaanza kufika saa 3 badala ya saa 6, moja moja badala ya rundo.

La pili ni tarehe ya kutoka iliyokisiwa siku ya kulazwa na kuandikwa kwenye ubao wa kitanda. Si ahadi, inaweza kubadilika. Lakini ikiwepo, dawa za nyumbani huandaliwa jana yake, bili hukaguliwa jana yake, na ndugu hupigiwa simu jana yake.

Thieta ina ugonjwa wake: mgonjwa wa kwanza kuchelewa. Ratiba inasema saa 2, kisu kinashika ngozi saa 4 kasoro. Ukiandika sababu kwa wiki tatu utazikuta zilezile: fomu ya ridhaa haijasainiwa, damu haijapimwa ulinganifu, mgonjwa alikula, machela haipo. Zote nne zinamalizwa jioni ya jana na mtu mmoja mwenye karatasi moja. Shida ni kumtaja huyo mtu kwa cheo chake na kumpa hiyo saa.

Darasani

Ufundishaji wa kazi hii una historia inayostahili kujulikana. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza wa karne ya 19, hukumbukwa kwa taa aliyozungukia nayo wodini usiku, lakini wasimamizi wana sababu zaidi ya kumkumbuka kwa majedwali. Baada ya vita vya Crimea alionyesha kwa hesabu kwamba askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi kuliko kwa majeraha, akapigania hospitali zote zitumie fomu za namna moja, na mwaka 1860 shule ya wauguzi iliyobeba jina lake ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Malcolm MacEachern, daktari wa Canada aliyeiongoza hospitali kuu ya Vancouver, alihamia Marekani kusimamia viwango vya hospitali chini ya chama cha madaktari wa upasuaji, kisha mwaka 1943 akaanzisha mafunzo ya usimamizi wa hospitali katika chuo kikuu cha Northwestern. Chuo kikuu cha Chicago kilikuwa kimeshaanza chake mwaka 1934.

Ninayempenda zaidi ni Ernest Codman, mpasuaji wa Boston. Alitaka kila mgonjwa aandikiwe kadi na afuatiliwe mpaka ijulikane matibabu yalimsaidia au la, na kama hayakumsaidia, kwa nini. Waliomzunguka hawakulipenda wazo hilo. Akafungua hospitali yake ndogo, na kati ya 1911 na 1916 wakatoka humo wagonjwa 337. Akachapisha makosa 123, kila moja na aina yake: la ujuzi, la uamuzi, la vifaa, la uchunguzi. Alilipa kwa jina na kwa kipato. Kadi yake ndiyo babu wa kila kikao cha kujadili vifo kinachofanyika leo.

Kikao hicho ndicho darasa bora la msimamizi, kikiendeshwa sawasawa, na ndicho rahisi kuharibika. Kiongozi wa kikao asiwe aliyemtibu marehemu. Yaanze maazimio ya kikao kilichopita: lipi limefanyika, lipi halikufanyika. Kisha masaa: alifika saa ngapi, alionwa saa ngapi, damu iliombwa saa ngapi, ilifika saa ngapi. Majina ya watumishi yasitajwe, vyeo vinatosha. Maoni yasubiri masaa yaishe, la sivyo mwenye sauti kubwa atakuwa ameshahukumu. Mwisho litoke azimio moja au mawili, kila moja na mwenye kulibeba na tarehe. Kikao kinachotoa maazimio 11 hakijatoa hata moja. Na azimio lisilo na thamani kuliko yote, linaloandikwa karibu kila mahali, ni "wafanyakazi waelimishwe." Kama damu ilichelewa kwa sababu jokofu liko jengo la pili na usiku hakuna wa kuitembeza, semina haitaifupisha njia.

Zoezi la kwanza la mwanafunzi ni lile la kitanda: akae nacho saa 24, aandike kila kinachokigusa na saa yake, asiandike maoni. La pili ni dawa moja, namba tatu: leja inasema ngapi, kadi inasema ngapi, rafuni zipo ngapi. Zikitofautiana, arudi nyuma mpaka aipate siku zilipoachana. La tatu ni usiku mzima na msimamizi wa zamu. Usiku hospitali hutaja siri zake: stoo imefungwa na mwenye ufunguo yuko nyumbani, maabara ina mtu mmoja anayelala, simu ya dereva haipokelewi.

Makosa ya wanafunzi yanajirudia kiasi kwamba mwalimu anaweza kuyaandika ubaoni kabla hawajaenda. Watamuuliza mkuu wa idara mambo yanavyokwenda, naye atawaeleza yanavyotakiwa kwenda. Watabuni fomu mpya. Wataleta wastani bila kuleta kiwango cha chini na cha juu, kana kwamba mgonjwa aliyesubiri saa 7 anafarijika na yule aliyesubiri dakika 10.

Kisha kuna kustaafu, au kuhamishwa, ambako hakuna kozi inayokufundisha. Faili la makabidhiano la msimamizi mzuri halina hotuba. Lina orodha ya mikataba na tarehe zinapokwisha, hasa ule wa matengenezo ya mashine ambao hujirefusha wenyewe. Lina madeni, tunayodai na tunayodaiwa. Lina mashine zilizokufa na kipuri kinachokosekana kwa kila moja, ili mrithi asidanganywe kuwa zote ni mbovu. Lina ramani ya valvu za maji, iliyochorwa kwa mkono, maana ile ya wajenzi haifanani na jengo. Na kwenye ukurasa wa mwisho, ni ufunguo upi unaofungua stoo ya oksijeni usiku, unaning'inia wapi, na nani mwingine anao.